Gazeti la Bega Langu

Kwako dada Kemunto,

Leo nimekukumbuka mpaka maharagwe yakaungulia jikoni. Usicheke, wewe uliunguza mengi kunishinda.

Nakumbuka miaka ile ya sitini, chai yetu hapa Birongo ikiwa bado miche, ulipopewa kazi ya magauni ya kwaya kwa ajili ya makambi ya kanisa, ule mkutano mkubwa wa kila mwaka. Karatasi ya kukatia vitambaa uliitengeneza kwa mfuko wa simiti, ukaitundika msumarini sebuleni. Wewe ulikatia hapo, mimi hapo, na jirani yetu Moraa hapo hapo. Wanakwaya wote wangevaa gauni moja, na mimi nilitaka sana kufanana nao. Lakini unajua bega langu la kushoto limeshuka tangu nizaliwe. Gauni la kwanza lilining'inia upande kama limeanikwa. Nikapandwa na hasira, nikachukua makasi niirekebishe ile karatasi.

Ulinishika mkono. "Ukikata hiyo, kwaya nzima itaimba na bega lako."

Nilinuna, wee! Wewe ukatandika gazeti juu ya karatasi, ukachora, ukashusha bega kwenye gazeti peke yake. Karatasi ukairudisha msumarini, Moraa akaendelea kukata bila kujua lolote. Ndivyo ulivyokuwa, mwenye lake jipya alijaribie kwenye gazeti lake. Moraa alipotaka kola pana ulimfanyia vivyo hivyo, na ilipotupendeza sote ndipo ukakata karatasi mpya ya wote. Gazeti langu mimi halikwenda ukutani. Ulilikunja ukalificha chini ya godoro lako, wala hukumwambia mtu.

Siku ya makambi mama alilitafuta bega langu kwenye mstari, macho yakanipita. Ilibidi arudie, anitafute kwa uso. Nilifurahi hata nikakosea wimbo.

Sasa umelala miaka mingi, nami nimekuwa bibi. Huzuni imepoa, siku nyingi nakaa nayo vizuri tu. Ila juzi nilikwenda Kisii mjini kupimwa gauni. Fundi, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Nyanya, simama wima." Ndipo nikatambua kwamba wewe, miaka yote ile na tepe shingoni, hukuwahi kuniambia hivyo hata mara moja. Nililia pale pale dukani, maskini fundi akaogopa.

Pumzika salama, dada yangu.

Mdogo wako