Mtutu Mpya wa Baba

Toivola, Michigan
4 Desemba

Kwa dada yangu Lorna,

Shikamoo dada. Hali yako je, na shemeji Glenn, na hilo jua lenu la Tucson mnaloturingia kila tukipigiana simu? Naomba mgongo wako uwe umetulia na usingizi unakuja. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya Desemba. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, Bernice wangu anakohoa lakini bado anapika, na mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani na kalamu, mtu ambaye sijaandika barua tangu nilipokuwa jeshini.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unatujua sisi. Kwenye simu tunaulizana hali ya hewa, kisha tunaagana. Na hili ninalotaka kukueleza linataka nianze mwanzo nisikatizwe, maana nikikatizwa nitanyamaza. Linamhusu baba, na nataka ulijue kabla hajashuka kwenye ndege Jumanne.

Unakumbuka alivyopasuliwa bega. Daktari alimwambia mkono utarudi, ila lile bega lisipigwe na kitu chochote. Baba akauliza kama bunduki nayo ni kitu chochote. Ile 308 yake unaijua, inapiga teke kama punda. Julai tulikwenda kuijaribu kwenye shimo la changarawe. Alipiga risasi moja, akailaza chini taratibu, akaenda kukaa garini. Sikumsikia akilalamika, lakini nilimwona ameshika bega na uso ameugeuzia upande wa pili. Dada, sijawahi kumwona baba akiacha jambo katikati.

Njiani nikamwambia asiwe na wasiwasi, bunduki tutabaki nayo, tutabadilisha mtutu tu. Bunduki za aina ile mtutu wake unashikwa na nati moja kubwa. Ukiifungua hiyo, unaweza kufunga mtutu mwingine hapo hapo nyumbani bila kumpelekea fundi. Nikachagua mtutu wa 243, kwa sababu risasi ya 243 ni mtu na ndugu yake na 308: ganda moja, kitako kimoja, tofauti iko shingoni tu, imebanwa ikawa nyembamba. Kwa hiyo komeo linalofunga risasi kwa nyuma linabaki lile lile, kikasha cha risasi kile kile, na teke linakuwa la mbuzi. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa habari tamu sana, kununua kimoja badala ya vinne.

Hapo ndipo Ray Tolonen, jirani yake baba, alipopata cha kuchekea msimu mzima. Nilikuwa nalinganisha mitutu jioni baada ya jioni: huu wa chuma kinachong'aa unaotaka bei ya gari kuukuu, huu mweusi usio na madaha, na huu uliotumika wa jamaa mmoja wa Iron River aliyeapa kwamba ameupiga kidogo tu. Ray akasema mimi mkono wa birika, kwamba nikifa nitaomba jeneza la mtumba. Nikauchukua ule mweusi, mpya. Jiliwa la kushikia mtutu sikununua, nilichonga vipande viwili vya mbao ngumu nikavibana kwa boliti. Spana ya nati nikanunua ya bei rahisi kuliko zote. Ray akaniambia rahisi huvunja upishi, na hakukosea, maana nati ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania, spana ikateleza, ngozi ya vidole vyangu vitatu ikabaki juu ya kile chuma. Akaniuliza kama sasa naweza kumruhusu akalete spana ya watu wazima.

Jambo moja tu hakulicheka. Mtutu ukishaingia unapimwa kwa vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Kimoja, komeo lazima likikubali, lifunge. Cha pili lazima likikatae. Mimi nilitaka kununua kile cha kwanza tu, hicho cha pili nikikisie kwa kubandika karatasi ya gundi. Ray akaweka kikombe chini akaniambia hapo ubahili ukome, kwa sababu kitakachokaa nyuma ya lile komeo ni uso wa baba yangu. Akaniazima vyake viwili. Komeo likafunga pale panapotakiwa, na pale panapotakiwa likakataa. Nilifurahi siku ile, dada. Nilijiona mtoto mwema.

Baba muda wote alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kahawa mkononi, akitutazama. Aliniuliza swali moja tu, kama Lorna anajua habari hii. Nikamjibu unajua. Na kweli ulikuwa unajua. Nilikuwa nimekueleza, nawe ukasema afadhali, ingawa wewe kwa maoni yako mzee na bunduki sasa basi. Hilo la mwisho sikumwambia. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa umemwambia kiangazi, akiwa amenishikia simu ili na mimi nisikie.

Septemba tukarudi kule kwenye changarawe. Alipiga mara nyingi, moja baada ya nyingine, na matundu yote yakakaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa. Akacheka. Baba yetu Arvo Niemela alicheka kwa sauti, Ray ni shahidi. Alipogeuka kutuonyesha, mkono wake ukatetemeka kidogo, mdomo wa bunduki ukapita usawa wa gari la Ray. Haikuwa na risasi. Nikaushika mtutu kwa vidole viwili nikauelekeza chini, polepole. Tulikusanya maganda tukaenda kula.

Sasa usiku wa kuamkia msimu wa kuwinda. Kambini hakuna kilichobadilika tangu mlipokuwa mkija na mama: mvuke wa sauna kwenye mawe ya moto, kisha pai za nyama na viazi, kisha mkate wa iliki na kahawa. Na ile kanuni ya baba, kwamba mtu hajazi mfuko wake mwenyewe. Anayejijazia mfuko, husema, anajiandaa kukosa. Unakumbuka alivyokuwa akitutilia risasi tano tano kwenye makoti tukiwa wadogo, na wewe ukilala na lako ili asije mtu akazihesabu upya. Siku hizi mimi ndiye namjazia yeye. Nilitoka sauna nimelegea, bia mbili kichwani, Ray anasimulia uongo wake wa kila mwaka juu ya dubu, na mimi nacheka. Nikaenda kwenye koti la baba la sufu lililotundikwa mlangoni, nikamtilia tano, nikakifunga kifungo cha mfuko. Nikarudi kucheka.

Alfajiri alikwenda kwenye kibanda chake cha kuvizia, mimi kwenye changu. Mchana kutwa nilitega sikio upande wake. Kimya. Jioni nilipomfuata niliona nyayo za kulungu dume, kubwa, amepita mbele ya kibanda karibu kiasi cha kurushiwa kofia. Nikamuuliza kama amemwona. Akasema amemwona, ni mzuri sana. Nikamuuliza mbona hakupiga. Akasema amewinda vya kutosha maishani, na tukifika mjini nimpigie simu Lorna nimwambie atakwenda kukaa kwake. Ndivyo ilivyokuwa ile simu uliyolia kwa furaha. Nami nikaitikia tu, nikidhani uzee umemfika siku moja kwa ghafla.

Siku ya tatu nilichukua koti lake nilikung'ute. Mfukoni nikakuta risasi tano. Nilizitia kiganjani nikaziangalia shingo. Zilikuwa 308, dada. Nene. Mimi nilikuwa nimechota kwenye lile kopo la kahawa la juu ya kabati, ambamo risasi za baba zimekaa kabla hata sijaoa, na boksi jipya la 243 lilikuwa pembeni yake halijafunguliwa. Risasi ya 308 haiingii kwenye chemba ya 243, kile kitundu cha nyuma ya mtutu, hata uisukume vipi. Komeo halifungi. Baba alikaa na bunduki isiyoweza kulia tangu alfajiri hadi giza, na yule dume akapita.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo linalonichoma. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba baba alisukuma lile komeo, likakataa, akadhani ni mikono yake imekwisha nguvu, na kwa hiyo akakata tamaa. Ningeweza kwenda palepale kumwambia si mikono yako baba, ni ujinga wangu. Msimu ulikuwa bado wazi. Lakini niliona aibu ya Ray na kambi nzima kunicheka hadi nife. Na kusema kweli yote, nilichoka pia. Kuzoa theluji nyumba mbili, kuamka kwenda kumwashia jiko, kumwogopea asiteleze barafuni. Wewe ulikuwa umeshasafisha chumba. Nikaona labda Mungu amepita njia hiyo. Nikaziweka risasi kwenye kopo, Ray akakubaliana na baba kuichukua sehemu yake ya kambi, tiketi ikakatwa, msimu ukafungwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa sauna, sisi wawili tu. Uliniambia zamani kwamba ukitaka kumwambia baba neno gumu umwambie ndani ya mvuke, hawezi kuinuka akaenda kupasua kuni. Nikamwambia. Nilimwambia zile risasi nilimtilia mimi, zilikuwa za zamani, kwamba mikono yake haina kasoro, na kwamba nimelijua hilo muda wote. Nililia, sikufichi.

Akamwaga maji kwenye mawe. Akasema yeye hakuwahi kudhani ni mikono. Akaniuliza miaka yote hiyo ameshika risasi za 308, angeshindwaje kuzitambua kwa kidole, gizani, kabla hata hajazitoa mfukoni? Alizijua palepale. Nikamuuliza sasa mbona hakurudi kambini kuchukua zinazofaa, ni mwendo mfupi tu. Na hapa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa pamoja.

Akasema: "Nilijua mmekaa mkaamua. Lorna alishanena. Wewe ulinishusha mtutu mbele ya Ray, nami nikaona ni haki yako, mkono ulitetemeka. Kisha nikakuta mfuko umejazwa risasi zisizoingia. Nikasema, basi wanangu wameona aibu kuniambia, wamenitafutia njia ya kunipeleka porini nisimdhuru mtu wala nisijue. Umehangaika na mtutu, umechunika vidole, umenunua vyuma, yote hayo ili baba asiaibike. Mtu akifanyiwa hisani kama hiyo haulizi. Anakaa, anamwangalia kulungu, anarudi nyumbani."

Lorna, nilimwapia. Nilimwapia kwa mama. Nilimwambia haikuwa hivyo, kwamba ule mtutu niliufunga ili awinde hata miaka kumi mingine, kwamba mimi na wewe hatujawahi kukaa kulizungumza, kwamba ni bia na mazoea ya mkono tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipapasa kichwani, kama alivyokuwa akinifanyia nilipovunja kitu nikadanganya ni paka, akasema haya mwanangu, sawa, usijali. Kisha akatoka kujimwagia maji.

Hakuniamini. Na nimejua kwa nini hakuniamini: mtu mwenye ukweli wa namna hiyo hungoja wiki mbili kufanya nini? Kila siku niliyonyamaza imekuwa shahidi dhidi yangu. Tangu Jumamosi anafunga vitu vyake akipiga mluzi, ananihurumia, ananisifu mbele ya Bernice kwamba nimemtunza vizuri. Natamani angenitukana.

Kwa hiyo nina ombi moja, dada. Mimi sina neno tena linaloaminika kwake juu ya jambo hili, lakini wewe unalo. Akifika, kabla hujamwonyesha chumba wala hujamvua koti, mkalishe hapo hapo uwanja wa ndege umwambie kwamba hatukukaa tukaamua. Mwambie hukujua habari ya zile risasi. Usimbembeleze abaki wala usimwambie arudi. Ray ameniahidi hatagusa karatasi za kambi mpaka masika, na bunduki iko kabatini kwangu, imepakwa mafuta. Akiamua kubaki na jua lenu kwa kupenda, nitashukuru na nitakuja kumtazama. Ila asikae huko, Lorna, akidhani watoto wake walimfungia mlango kwa upole.

Nisalimie Glenn sana, na watoto wako wote na wajukuu. Bernice anatuma salamu na mkate mmoja wa iliki, uko kwenye begi la baba, akikwambia ameula njiani usimgombeze. Msimpe kahawa ya maji maji. Usiku huwa anasahau kujifunika bega.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa na mwenye kukupenda,

Dwight