Radhi za Bi Zuhura

Jumatatu, 13 Juni 1977

Baridi. Maji yamefunguliwa saa kumi na mbili, foleni mpaka kwa kinyozi. Bi Zuhura mbele yangu kama kawaida. Ndoo ikijaa, Alhamdulillahi. Ikimwagika, La ilaha illallah. Akiinama kuibeba, Bismillahi. Miaka sita tunagawana ukuta mmoja hapa mtaa wa Jericho na sijamwona akifanya jambo bila neno lake. Tukiachana husema, "Kesho, inshallah." Leo hakusema. Alinitazama tu, akaenda zake. Nimeketi kwenye cherehani asubuhi nzima nikijiuliza kwa nini.

Najua kwa nini. Ameambiwa.

Jumatano, 15 Juni

Niandike, maana hapa hakuna wa kunihukumu. Mwezi wa nne, mkutanoni kwa akina mama wa kanisa, nilisema kwamba kila alfajiri nasikia ukutani kwa Bi Zuhura neno moja la Kiarabu, mara mia na zaidi. Mmoja akauliza kama anaita majini. Ningeweza kusema hapana. Nikasema huenda. Nikatia na chumvi, kwa sababu nilipenda wanavyonisikiliza. Tangu hapo watoto hawatumwi kwake kununua mahamri. Karai lake linakaa mlangoni kavu.

Ijumaa, 17 Juni

Bi Zuhura ameanika kitambaa cheupe, kipya, yadi nyingi. Hakina pindo. Jicho la fundi halipiti kitu kama hicho. Nikamwambia alete nikipige pindo bure, nikidhani nitatengeneza mambo. Akasema hiki hakipigwi pindo. Akakianua, akakikunja taratibu, akaingia ndani. Hata cha bure changu hakitaki! Nimekasirika mpaka nimekata mkono mmoja wa blauzi ya mtu ukawa mfupi.

Jumapili, 19 Juni

Leo amepita mlango kwa mlango, mstari wetu wote. Anasimama kidogo, anashikana mkono na mtu, anaondoka. Mama Wanjiru amerudishiwa kinu chake. Mimi ungo niliomwazima tangu mwaka juzi. Kama mtu anayehama. Akaniambia, "Mama Ndunge, nataka radhi zako. Lolote nililokukosea, nisamehe."

Mimi niliyemkosea, yeye ndiye anayeniomba msamaha! Nikaona ananitega nikiri mbele ya majirani. Nikacheka, kicheko kibaya, nikamwambia, "Ah, Bi Zuhura, mimi sisamehe." Hakukasirika. Ndilo linalonitisha. Akasema, "Haya," akaenda.

Jumatatu, 20 Juni

Kufuli mlangoni kwake. Alfajiri ukuta kimya. Hakuna anayejua alikokwenda. Baba Ndunge anasema siku hizi nasikiliza ukuta kama redio. "Kwani huyo mama alikufanya nini?" Nikaongeza kasi ya cherehani.

Jumanne, 21 Juni

Kaka yake amekuja kuchukua shuka. Mzee Athumani, fundi viatu wa Pumwani. Bi Zuhura yuko hospitali. Uvimbe tumboni, ameuficha tangu mwaka jana. Anapasuliwa kesho asubuhi. Nikamwuliza kitambaa kile ni cha nini. "Ni sanda, mama. Sanda haipigwi pindo."

Na zile radhi? Akasema kwao mtu asiyejua kama atarudi huomba radhi kwa majirani, asiondoke na kinyongo cha mtu. "Wote wamempa isipokuwa mmoja. Hakunitajia jina."

Nikamwuliza pia neno la alfajiri. Astaghfirullah. Maana yake, anamwomba Mungu msamaha.

Mara mia kila siku. Nami nikasema majini.

Jumatano, 22 Juni

Basi la kwanza. Askari wa lango akanizuia, si saa ya kuona wagonjwa. Nililia mbele yake bila haya, akanipitisha. Bi Zuhura alikwisha kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amekuwa mdogo, kanga kichwani. Nikamshika mkono. Nimekusamehe, Bi Zuhura, nimekusamehe kabisa. "Alhamdulillahi," akasema.

Kisha akabaki akinitazama. Naapa alikuwa ananisubiri. Neno la pili lilikuwa hapa mdomoni. Ni mimi niliyesema majini. Lakini nesi alikuwa amesimama pale na mwingine nyuma yake, na niliona aibu. Nikasema, "Basi tutaonana kesho."

"Inshallah," akasema. Wakamsukuma.

Jumamosi, 25 Juni

Hakuamka. Alizikwa Alhamisi alasiri. Kabla jeneza halijatoka, Mzee Athumani alisimama mlangoni akauliza kama yupo yeyote ambaye marehemu alimkosea, amsamehe. Watu wakaitikia, amesamehewa, amesamehewa. Nami niliitikia, tena kwa sauti. Hakuna aliyeuliza kama yupo aliyemkosea yeye. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Leo alfajiri niliamka saa ile ile. Nikageukia ukuta nikamwambia yote, mkutano, majini, karai, kile kicheko. Polepole, Baba Ndunge asisikie. Kisha nikalisema neno lake. Nalisema vibaya, ulimi wangu haujazoea. Nilifika kumi na moja, Ndunge akaamka akitaka chai.