Kwa Nini Mimi na Vesa Hatusemezani

Kemi,
9 Machi 1997.

Mpendwa Shangazi Hellevi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ambako bahari bado imeganda na koleo la theluji halijapumzika tangu Novemba. Mguu wako unaendeleaje? Binti yako Kaisu aliandika kwamba daktari amekukataza kusimama muda mrefu, nami najua jinsi unavyowatii madaktari. Joto la Australia likikuzidi, tufikirie sisi, utapoa.

Sisi ni wazima. Baba analalamika mgongo, lakini wiki iliyopita alipanda juu ya paa kukwangua theluji bila kumwambia mtu, kwa hiyo mgongo nao una haki ya kulalamika. Jirani yetu Outi anakusalimu, anasema zile soksi ulizomfumia zimemtosha sawasawa.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeiona picha ya sherehe ya Baba ya kutimiza miaka sitini, ukauliza kwa nini mimi nimesimama huku na Vesa kule, na keki ya mkate na samaki katikati kama mpaka wa nchi mbili. Unasema Vesa amekuandikia kwamba mdogo mtu amefanikiwa na mkubwa mtu anaona wivu. Unasema damu ni nzito kuliko maji. Shangazi, nakupenda, ila safari hii utanisikiliza mimi.

Chanzo ni wewe mwenyewe. Ndiwe uliyetutumia ile redio ya kaseti Krismasi moja tukiwa wadogo. Usiku uleule nilinasa kipindi cha muziki mzito, magitaa yanayovuma mpaka dirisha linatetemeka, nikanaswa mimi. Vesa alisikiliza akaanza kupiga masufuria ya Mama. Mimi nilisikiliza nikaanza kusema. Ndivyo tulivyogawana, yeye mikono, mimi mdomo. Shuleni hakuna aliyenunua albamu kabla ya kuniuliza kama inafaa.

Baadaye nikaanzisha jarida langu la kurasa chache, nikilitoa kopi maktaba na kulibana kwa pini mezani jikoni. Mama alinisaidia kukunja kurasa. Aliniambia muziki wangu ni kelele za kiwanda cha karatasi, tofauti ni kwamba kiwandani wanalipwa. Kisha gazeti la mjini likanipa safu ya kila Ijumaa, albamu moja na onyesho moja. Nilisimama kwenye kumbi za vijana vijijini, wino wa kalamu umeganda, naandika kwa penseli huku mtu ananimwagia bia mgongoni. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Baba alikata kila uhakiki wangu na kuubandika ukutani mwa sauna, mpaka mvuke ukaula.

Sheria yangu ilikuwa moja: sisifu kitu kwa sababu ya undugu. Chema chajiuza, nilikuwa nasema, kibaya ndicho chajitembeza. Vesa aliijua sheria hiyo, na bendi yake ya Hallavuosi haikuwahi kuniomba chochote.

Mama alipofariki, Vesa alitunga albamu nzima kwa ajili yake. Nilizisikia nyimbo zile zikizaliwa kwenye ghala la viazi la Baba. Zilikuwa za kasi, kasi ya kutisha, kwa sababu alisema hasira yake haijui kutembea, inakimbia tu. Na mwisho kabisa wa upande wa pili aliweka sauti ya Mama. Unakumbuka kwamba Vesa alikuwa akijaribu redio yako kwa kurekodi kila kitu nyumbani? Kwenye kaseti moja Mama yuko barazani anatuita: "Ilpo! Vesa! Njooni, viazi vinapoa!" Hatuna sauti yake nyingine duniani.

Kauko, mwenye kikampuni kinachotoa santuri kutoka gereji ya mama yake, alizitengeneza santuri zetu zipigwe kwa mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Lakini karatasi ya katikati aliinakili kutoka santuri yake iliyotangulia, ikaandikwa thelathini na tatu. Kila aliyeiweka kwenye gramafoni kama ilivyoandikwa alisikia muziki wa polepole, mzito kama jeneza linalopandishwa mlima. Mwimbaji wao hunguruma tu siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba sasa ananguruma chini zaidi. Kosa hili lingewezekana kwenye muziki wetu tu. Ingekuwa dansi ya tango, bibi wa kwanza kuinuka kucheza angepiga kelele.

Nilimpigia Vesa simu siku niliyoletewa santuri.

"Mmeandika mzunguko siyo."

"Najua, kaka. Kauko huyo, kichwa maji kweli!" Alicheka, nami nikacheka. "Usijali, tutabandika karatasi nyingine."

Kabla hawajabandika, gazeti la muziki la Helsinki likatoka na sifa. Eti hakuna kitu kizito kama hiki kilichowahi kutoka kaskazini. Eti mwishoni kuna mzee wa ajabu anayenguruma kutoka kaburini, nywele zinasimama. Barua zikaja kutoka Ujerumani. Nikapiga simu tena.

"Kaka, subiri kwanza," akasema Vesa. "Usiandike kitu. Watu wameipenda hivihivi."

"Huyo mzee wa ajabu ni Mama, Vesa!"

"Sasa mi nifanye nini?"

"Useme ukweli. Ni Mama."

"Ee, ni mama yangu pia! Au we ndo ulizaliwa peke yako?"

Akakata. Ijumaa ile niliandika kile ninachokijua: kwamba albamu ni nzuri, kwamba karatasi yake inadanganya, na kwamba msomaji aiweke kwenye arobaini na tano ndipo atamsikia mwanamke akiwaita wanawe kula. Nilidhani namtetea Mama. Hata leo nadhani hivyo.

Wiki iliyofuata gazeti letu likachapisha majibu ya bendi. Kwamba mwendo wa polepole ndio uliokusudiwa tangu mwanzo. Kwamba mhakiki wenu hajui muziki mzito ni nini na anasukumwa na mambo ya kifamilia. Chini yake kulikuwa na majina mawili, la Kauko na la Vesa. Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi. Kauko namsamehe, yeye ni mfanyabiashara. Lakini Vesa alikuwepo ghalani. Vesa ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi siku ile barazani.

Tangu hapo nikiingia ukumbini vijana wananiita Bwana Arobaini na Tano. "Punguza mwendo, mzee!" wanapaza sauti, wanacheka. Mhariri wetu, Bi Orvokki, hakunifukuza. Alinimiminia kahawa, akasema wasomaji hawaniamini tena, akanipa safu nyingine. Sasa naandika kuhusu dansi za akordioni za wastaafu. Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema kama atapata mpenzi mwingine.

Mwezi jana Hallavuosi walipiga hapa mjini. Nilinunua tiketi kama watu wengine nikasimama nyuma, karibu na makoti. Wamejifunza upya nyimbo zote kwa mwendo wa santuri ile. Mkono wa Vesa, ambao zamani jicho halikuukamata, sasa unangoja kati ya pigo na pigo. Na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba walipiga vizuri. Ningekuwa bado na safu yangu ningelazimika kuandika hivyo.

Mwishoni taa zikazimwa, wakaleta ile sauti, imepunguzwa makusudi. Ukumbi mzima ukainua mikono na kuijibu kwa kunguruma. Kijana mmoja pembeni yangu alifumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, ananguruma. Nilitaka kumwambia, mwanangu, huyo anakuita ukale viazi. Taa zilipowashwa Vesa aliniona. Akainamisha kichwa, akaanza kukaza skrubu za ngoma ambazo hazikulegea.

Nina chuki, Shangazi, sitaki kukuficha. Si kwa sababu amefanikiwa. Ni kwa sababu alikuwa na sauti ya Mama mkononi akakubali iwe ya mzee wa kaburini, na mimi niliyekataa ndiye ninayeitwa mwongo.

Jumapili iliyopita Baba aliniuliza hasa tunachogombania. Kumbe yeye alikuwa ameisikiliza ile santuri kama ilivyoandikwa, hakuelewa kitu, akaona aibu kuuliza. Nikaiweka kwenye arobaini na tano. Alivumilia kelele zote kwa adabu, kikombe mkononi. Sauti ya Mama ilipotoka akaweka kikombe chini, akageukia mlango wa baraza, akajibu: "Tunakuja, Aune."

Kisha akaniambia neno moja tu: nimwite Vesa. Sijamwita. Kila nikishika simu naliona jina lake chini ya yale maandishi, mkono unakataa.

Ndiyo maana nakutumia santuri hii pamoja na barua. Usiamini kilichoandikwa katikati, geuza kitufe mpaka arobaini na tano, uvumilie mpaka mwisho. Ukishasikia, mwandikie Vesa. Usimwambie damu wala maji. Mwambie Mama anatuita wote wawili kwa pumzi moja, na kwamba mezani hapa tumekaa wawili tu, mimi na Baba.

Nisalimie Kaisu na Jouko, na wale wajukuu zako ambao picha zao Baba amezibandika kwenye friji. Mungu akupe usingizi mzuri na mguu usiokusumbua, akufikishe kwetu siku moja wakati wa kiangazi ambapo jua halizami.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata ukimtetea Vesa,

Ilpo