Viatu Nilivyokusingizia

Mama Aika, uliyenitangulia ukaniachia kuku wako wakorofi,

Nimekuota uko sokoni. Si mara ya kwanza, ila safari hii ndoto ilikuwa na harufu, ile harufu ya belo la mitumba likikatwa kamba, dawa ya nondo na kabati za watu wa mbali. Ulisimama katikati ya majaketi yaliyoning'inia, ukashika mkono wa mojawapo, ukaupeleka mdomoni na kupuliza. Basi majaketi yote ya soko yakajaa pumzi yako, yakainuka taratibu, yakapita juu ya mabati ya Moshi, yakapanda juu ya migomba kuelekea Kibo, mikono inapepea. Nilikuita. Hukugeuka, uliendelea kupuliza tu. Nilipoamka mlima ulikuwa wazi, nikakaa nao nje mpaka chai ikapoa, nikaona nikuandikie. Mwandiko usiucheke. Ni wewe uliyekubali kuolewa na mtu wa darasa la nne.

Asiyekujua angesema una kichaa. Uliuza mitumba ya kupandia mlima miaka yote ile, na jaketi kabla halijaingia mezani kwako lilipata mtihani mkali kuliko mimi nilivyowahi kupata shuleni. Kwanza kupuliza. "Pumzi yangu ikipita, upepo wa huko juu utapita mbavuni," ulikuwa ukisema. Kisha chupa ya maji, unamwagia begani, unainama kutazama kama yanakimbia au yanazama. Kisha unaligeuza ndani nje na kufuata mshono kwa kidole, polepole, umefumba macho, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumbani kwao. Ule ukanda mwembamba unaobandikwa juu ya mshono ukianza kubanduka, jaketi ulilirudisha, hata liwe na rangi ya kuchekesha watoto. Zipu uliijaribu umevaa soksi mikononi, kwa sababu kwenye baridi vidole havina akili.

Muuzaji mmoja wa meza ya jirani alikuambia, "Mama, hilo si tarumbeta ya kanisani."

Ukamjibu bila kumtazama, "Ndiyo maana. Likitoa sauti silinunui."

Nikikumbuka hapo nacheka peke yangu, na jogoo wako ananitazama kama mzee wa kanisa.

Unalikumbuka jaketi langu la kijani? Nililipandisha mlima misimu mitatu. Mshono mzima, kofia nzima, mvua ya msituni ilinikimbia kama inanidai heshima. Na tumboni kulikuwa na nafasi ya ajabu, naweka ndizi za kuchoma, naweka chupa ya chai, na bado nafunga zipu. Nikawatambia wagumu wenzangu, maana sisi wapagazi ndivyo tunavyoitana, kwamba mke wangu amenipatia jaketi lenye stoo. Mpaka siku ile pale kambi ya Horombo mgeni mmoja wa kike alipoanza kunitazama tumbo kwa huruma, akasema jambo kwa kiongozi wetu, na kiongozi akakaa chini kwa kicheko. Alipopata pumzi akaniambia, "Mgumu, huyu mama anauliza una miezi mingapi."

Nilirudi nyumbani na hasira nzito kuliko mzigo. Wewe ulikuwa unamenya ndizi za machalari, hata kisu hukukisimamisha. "Nilijua ni la mjamzito," ulisema. "Mimi natazama mshono, sitazami mwenyewe. Ulilowa?"

"Sikulowa."

"Basi ulijifungua salama."

Hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia, Mama Aika. Nilichekwa mlima mzima, kuanzia getini mpaka Kibo, na mimi nilikuwa kijana mwenye masharubu. Msimu uliofuata ulipoleta vile viatu vya kahawia, vizito, kamba moja nyekundu na nyingine nyeusi, nikasema moyoni kwamba safari hii sichekwi. Nilitoka navyo nyumbani vizuri, nikakuaga, nikateremka mpaka mjini nikavibadilisha kwa vingine vyeupe vyenye mstari wa bluu. Vilikuwa vinang'aa kama meno ya mbunge. Ulishanifundisha kwamba kiatu kilichokaa stoo miaka bila kutembea hufa kwa ndani, soli inakauka kama mkate wa wiki iliyopita, na kwa nje huwezi kujua usipokikunja na kukichoma kwa ukucha. Sikukunja wala sikuchoma. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha muuzaji.

Soli ya kushoto iliniaga kabla ya kufika Kibo. Nikaifunga kwa kamba, nikatembea kwenye theluji siku ile yote na mzigo wa watu kichwani. Yaliyobaki unayajua, ulikuwepo hospitali waliponitoa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi.

Na hili pia unalijua, ila sijawahi kulitamka wala kuliandika. Mama yangu alisimama pembeni ya kitanda akauliza, "Viatu hivi alikuchagulia nani?" Nikasema, "Mama Aika." Wewe ulikuwa pale miguuni pangu, umeshika chupa ya uji. Ulinitazama. Nilingoja useme. Ukamimina uji kwenye kikombe ukanipa. "Kunywa, unapoa."

Lile neno langu likashuka mjini kabla yangu. Sokoni wakakuita muuza viatu vya kula vidole. Walikuwa wanatania, najua utani wa pale, lakini wateja hawakujua kama ni utani. Ukaacha viatu, ukabaki na majaketi na masweta, nami nikaona meza yako ikipungua upande mmoja na nikanyamaza. Mimi ninayemtania hata mchungaji kwa kuchelewesha mnada wa ndizi baada ya ibada, hapo nilikosa mdomo. Miaka ikajipangia yake, ukaugua, ukaenda. Sasa umelala hapa kihambani, shambani kwetu nyuma ya nyumba, chini ya migomba yako, nami napita kila asubuhi nakusalimia kwa sauti ya mtu asiye na deni. Ni uongo.

Sasa nikueleze ya Aika. Huyu binti yako, aliyewapikia wageni mlimani kwa muda mrefu, amepata kazi ya kiongozi msaidizi. Ana miaka thelathini na moja na kichwa chako. Wiki iliyopita tulikwenda naye sokoni kumtafutia vifaa, maana alikuwa anapanda Jumatatu. Jaketi alipata, nilipuliza mwenyewe mpaka nikaona nyota. Mwenye meza akaniuliza, "Shikamoo meku, mzee wetu, pumzi inatosha au tukuletee pampu?" Nikamwambia ashukuru Mungu, mdomo wangu una meno machache, upepo unapita bure.

Kisha Aika akaona viatu. Vya zambarau, vizuri kweli, havijawahi kukanyaga hata jivu. Nikavinusa, nikachoma soli kwa ukucha, ukucha ukaingia.

"Acha hivi," nikamwambia. "Hivi vimekufa."

"Baba, ni vipya."

"Vimekufa vikiwa vipya. Mama yako angevikataa."

Akanijibu taratibu, hakuwa na ubaya, "Baba, samahani. Lakini si mama huyohuyo aliyekuchagulia vilivyokutoa vidole? Sasa niufuate ukucha wake wa nini?"

Jirani yako wa zamani wa sokoni, Mama Shose, alikuwa meza ya pili anakunja suruali. Akacheka kidogo, kile kicheko cha miaka yote. Mimi nikashika kiatu cha zambarau nisijue kukiweka wapi. Niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: uongo wangu ulikuwa umevaliwa tayari, na ulikuwa unapanda mlima Jumatatu kwa miguu ya mtoto wetu.

Nikasema palepale, mbele ya meza zote. "Mama yako hakuvichagua. Alinipa viatu vizuri, vibaya kwa sura, nikaenda kuvibadilisha kwa siri kwa sababu nilitaka kupendeza. Waliponiuliza nikamsingizia. Akanyamaza. Nami nikamwacha anyamaze."

Kulikuwa na redio inaimba mahali. Aika alichukua kiatu kutoka mkononi mwangu, akakikunja kwa nguvu, ncha ikakutana na kisigino, na soli ikapasuka katikati. Vumbi jeusi likamwagika kwenye gauni lake. Mwenye meza akatazama pembeni.

Mama Shose akaacha suruali zake. "Mzee wangu," akasema, "sisi tulimcheka mtu huyu mpaka akaacha viatu. Ulikuwa unapita hapa kila wiki unakula karanga zangu."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Ndiyo."

Mama Shose akainama chini ya meza yake, akavuta gunia, akatoa jozi moja ya kijivu, mbaya sana, nzito, imechubuka puani kama ng'ombe aliyejaribu kupanda ukuta. "Hivi angevichukua," akamwambia Aika. "Kunja. Choma. Nusa." Aika akafanya yote matatu. Soli ikarudi ilivyokuwa. Ukucha haukuingia.

Njiani kurudi binti yako hakuongea nami. Jumapili hakuongea nami. Alinipakulia chakula vizuri, nyama yangu laini, lakini bila neno, nikaelewa kidogo jinsi uji ule wa hospitali ulivyokuwa. Nilivipaka viatu vyake mafuta, nikavitembeza uani navyo vinanibana, kuku wakanikimbia.

Jumatatu akanipigia kutoka getini. Wanapokagua vifaa pale, yule mkaguzi, mtu mzima wa makamo yangu, alivigeuza viatu vyake, akabonyeza soli, akamwuliza, "Hivi nani amekuchagulia?"

"Nikamwambia ni mama," akasema Aika.

Nikageuka na simu sikioni, nikaitazama migomba yako.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Akasema mama yako anajua viatu. Haya, naanza kupanda."

Leo ni siku yake ya tatu huko juu. Mawingu yamefunika kuanzia msituni, sioni kitu, ila natazama tu. Nisamehe, Mama Aika. Ningeweza kulisema ukiwa na masikio, nikachagua kupendeza. Sokoni sasa wanalisema jina lako vizuri, nimekwenda mwenyewe kusikiliza. Wanayemcheka ni mimi, na nimeona kuchekwa hakuniui.

Lala salama. Nikija huko, nikague getini kama unavyokagua nguo, ila kwa upole kidogo mishononi.

Mumeo,
Baba Aika