Mnyato

Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Karakana yako ya jenereta inaendeleaje? Goti la mama linasemaje? Sisi wazima, ila vichwa vinauma, mafua ya mvua hizi. Kapteni wa bendi amezifungia simu zetu zote kabatini mpaka albamu iishe, ndiyo maana unapata barua kama enzi za bibi.

Najua kinyongo chako naye hakijaisha tangu alipokutoa kwenye tarumbeta na kukuita Saa ya Ukutani mbele ya watu. Lakini isikilize kanda hii, nyimbo tano kati ya tisa. Kuna kitu kimetuingia, kaka. Bendi nzima inavuta nyuma, nzito, tamu, na sisi wapulizaji watatu tunaingia kama watu wanaonyata. Kapteni anasema hajawahi kuusikia mdundo huu kwa bendi yoyote ya soul na fanki. Albamu ameiita Mnyato.

Niandikie kitu kizuri. Hata mstari mmoja.

Dada yako, Tromboni


Tarehe 11 Aprili

Dada mdogo,

Marahaba. Mama mzima, goti tu linamgomea kwenye ngazi.

Nimesikiliza mara nne, saa mkononi. Usinune. Wimbo wa kwanza unakwenda mapigo 108 kwa dakika. Wa tatu, 103. Wa tano, 96. Mlirekodi kwa mpangilio huohuo? Noti ya mwisho ya wimbo wa kwanza umeishika sekunde kumi na tisa, kama nilivyokufundisha hapa karakana kwa mpira wa maji na faneli. Ya wimbo wa tano umeiachia kwenye kumi na moja, unatetemeka. Mafua gani hayo yanayokata pumzi bila hata kikohozi kimoja?

Halafu, kwenye kimya baada ya wimbo wa nne, nasikia jenereta. Ni ileile, inakwama kila sekunde ya saba. Niliifunga kwa mikono yangu, wakati huo bado nikiwa mtu wa maana kwenu, nje, hatua kumi na nne kutoka ukuta wa chumba chenu cha kurekodia. Kwa umbali huo haisikiki humo ndani. Iko wapi sasa?

Na hicho kichwa, ukitoka nje kinaendelea kuuma?

Kaka yako


Tarehe 17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mpe pole mama.

Nimekuomba mstari mmoja mzuri, umeniletea hesabu. Jenereta tumeihamishia stoo, nyuma ya chumba cha kurekodia, isinyeshewe. Kapteni ameizungushia magodoro isisikike, na nyufa zote za mlango wetu wa nje tumezijaza sponji. Hata mende hapiti. Ndiyo, kichwa kinapoa nikitoka kunywa chai. Chai ni chai! Mpiga drams jana alisinzia juu ya ngoma zake katikati ya wimbo, tukacheka mpaka machozi.

Kapteni anasema kinachokuuma ni kwamba tumepata kitu kisichomo kwenye saa yako. Nami nimeanza kumwamini. Tumebakiza nyimbo mbili.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Salamu baadaye. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na harufu. Inapenya kutoka stoo hadi mlipo, inalegeza mikono, inasinzisha, mwisho hailegezi tena, inamaliza. Huo mdundo wenu ndio huo. Ninyi hamnyati. Mnanyatiwa.

Toeni sponji, fungueni mlango, jenereta irudi nje. Leo, si kesho. Ningekuja mwenyewe, lakini Kapteni aliapa nisikanyage tena kizingiti chake, na mimi si mtu wa kubembeleza mlangoni. Mwambie aniite Saa ya Ukutani mpaka nife, ila afungue.

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi. Mpe majibu huyohuyo.

Kaka yako


Tarehe 22 Aprili, asubuhi

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo? Barua yako nimewasomea wote. Walicheka, halafu wakamtazama Kapteni. Kapteni akasema sawa, tukimaliza wa tisa tunafungua, kwa sababu tukifungua sasa mnyato utatoroka. Niliona ana maana. Nilitaka kumwambia kitu, nikakisahau kinywani.

Mkono mzito leo. Tunaanza sasa hivi. Dereva apitie kanda akiondoka.

Noti ya mwisho nitaishika kumi na tisa. Hesabu.

Shikamoo kaka. Mama hajambo?

Dada


Tarehe 23 Aprili, ndani ya basi

Dada mdogo,

Barua yako imefika asubuhi hii. Dereva anasema ulimsalimia mara mbili. Alipopita baadaye kuchukua kanda aligonga mara tatu. Jenereta ilikuwa inanguruma, ndani kimya. Akadhani mnarekodi, akaondoka.

Nimepiga simu kituo cha polisi cha hapo. Wamesema watapita. Nimewauliza saa ngapi, wakakata.

Tangi la jenereta ile likijaa hudumu kwa muda wa saa tisa. Nimehesabu kutoka asubuhi ya jana. Nimerudia hesabu. Sitakuandikia jibu lake.

Nilipaswa kuja tarehe ishirini, nibembeleze.

Mtaimbo uko miguuni pangu. Mlango ukiwa wazi, nitakupa karatasi hii mkononi, unitukane unavyotaka.

Uliniomba mstari mmoja. Huu hapa: sijawahi kusikia muziki mzuri kama huo. Kupima mapigo kunahitaji mara moja tu, dada. Hizo mara tatu nyingine nilikuwa nasikiliza.

Kaka yako, Saa ya Ukutani