Blanketi Juu ya Rangi Mpya

Wewe, nimejimaliza mwenyewe.

Gari si nimelitoa kwa fundi rangi juzi tu? Leo nimeliegesha nje, karibu na lile dimbwi. Nikaogopa malori yatalirushia maji machafu, nikalifunika kwa blanketi la mama mkwe. Ndiyo, LA MAMA MKWE!

Lori likapita, pwaa! Blanketi likalowa tope, gari halikuguswa. Nikajiona mjanja kweli.

Halafu nikalivuta blanketi. Nikalivuta, ndugu yangu! Tope lote lile lina mchanga. Boneti nzima imejaa mikwaruzo.

Fundi kaja, kaangalia, kaguna: "Maji machafu yangeoshwa tu. Hapa umelipiga msasa mwenyewe."

Sasa hivi mama mkwe ananiita. Anasema anasikia baridi.