Klachi ya Mkono

Garissa, Jumapili

Kaka yangu Gelle,

Assalaam aleikum. Sisi tuko salama. Ngamia wa Hooyo amezaa, na mama yetu hachoki kumsifu ndama.

Gari lako la mbio tumeshalinyoosha hapa gereji. Injini ilikuwa inagonga kwa joto letu, nikapunguza kompresheni na kuiongezea petroli. Sasa inavuta vizuri ajabu, na turbo inapiga mluzi. Pedali ya klachi nimeing'oa. Nimekuwekea ya mkono, kando ya gia, uendeshe bila mguu wa kushoto.

Tangu ajali nimemficha Hooyo kwamba ulikatwa mguu, kama ulivyoomba. Lakini jana alikuja gereji, akauliza kile chuma kando ya gia ni cha nini.

"Ni klachi, Hooyo. Mtindo mpya."

Akakishika, akaangalia chini pale pedali ilipokuwa. Kisha akauliza, "Weris, ni mguu upi?"

Nikamwambia. Tulilia sote wawili. Halafu akaingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akasema, "Washa. Nataka kusikia gari la mwanangu."

Rudi nyumbani, kaka. Huna tena cha kuficha.

Dadako akupendaye,
Weris